Nilivyompeleka Bibi Yangu Nyiragongo

Miaka ile ya kabla ya 2021, mtu aliyetoka Bukavu kwa meli ya usiku, akalala kidogo na kuamka saa kumi za alfajiri, aliona upande wa kaskazini wingu jekundu limetanda juu ya Ziwa Kivu. Halikuwa wingu la jua, maana jua halitoki kaskazini. Ulikuwa mwanga wa moto uliokaa ndani ya mlima Nyiragongo, ukipiga moshi na mawingu kwa chini, kama vile taa ipigavyo dari la nyumba.

Ndivyo bibi yangu alivyouona mlima wetu mara ya kwanza. Tulikuwa tumefunga ndoa kwao Kindu mwezi wa Juni 2019, na mwezi wa Julai nikamleta Goma awaone watu wa nyumbani. Yeye ni mtu wa mto. Alilelewa kando ya Lualaba, katika nchi ya mchele na mafuta ya mawese, mahali ambapo mtu akitaka kuona mbali hupanda mti. Aliamka melini, akanishika bega.

"Mwalimu, mji unaungua?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Ni mlima wetu tu. Hauna neno."

Abiria mmoja mzee aliyelala karibu nasi alifumbua macho akanitazama, kisha akajifunika tena blanketi lake. Hakusema kitu. Lakini macho yale niliyakumbuka siku nyingi.

Yafaa niseme wazi sababu ya haraka yangu. Marehemu baba alituachia kiwanja Buhene, upande wa kaskazini wa mji, nyuma ya uwanja wa ndege, na mama bado anakaa pale. Tangu mwaka 2018 nilikuwa nimeanza kununua mawe, yale meusi tuyaitayo makoro, na kuyarundika uani kwa ajili ya msingi. Wajomba wa bibi yangu waliponiuliza Kindu, "Binti yetu utamlaza wapi?", nilijibu kwa kifua mbele: "Katika nyumba yangu mwenyewe, kwenye kiwanja chetu wenyewe." Nyumba hiyo haikuwapo bado. Nilikuwa na rundo la mawe tu. Basi nikafikiri, nikimwonyesha kwanza uzuri wa mlima, atapenda nchi, na mengine yatafuata.

Goma ni mji mweusi. Mgeni hushangaa jambo hilo kabla ya yote. Kuta za nyua ni nyeusi, vumbi ni jeusi, na watoto wakianguka wakicheza mpira huchubuka magoti, kwa maana ardhi yenyewe ni jiwe. Vijana hupita mbio na chukudu zao, zile baiskeli za mbao zisizo na minyororo wala kanyagio, zimebeba makala, viazi na makabichi kutoka mashambani. Nilimpitisha bibi yangu katikati ya mji, nikamwonyesha mahali lilipokuwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo lava ililiharibu mwaka 2002. Alisimama mbele ya magofu yale kitambo, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akauliza lava ilikuwa na unene gani mahali pale.

Nikasema sikumbuki. Lakini nilikumbuka vizuri. Katika mitaa kadhaa ilipita kimo cha mtu, na watu waliojenga tena walijenga juu ya nyumba zao wenyewe.

Nyumbani mama alitupokea kwa vigelegele na sambaza wa kukaanga. Hao ni samaki wadogo wa ziwa letu. Au niseme wa ziwa la wengine, kwa maana walitolewa Tanganyika na kupandwa Kivu katika miaka ya 1950. Mama alifurahi mno. Alianza kumsimulia mkwewe habari za mwaka 2002, nami nikaingilia kati na kuuliza habari za ng'ombe wa mjomba. Mama akanitazama. Mjomba aliuza ng'ombe wake wote zamani.

Kuupanda mlima si jambo la kila mtu wa Goma. Wengi huzaliwa, huoa na kuzikwa chini yake bila kukanyaga hata ubavu wake. Mlima uko katika Hifadhi ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, na iliyoandikwa na UNESCO mwaka 1979 katika orodha ya urithi wa dunia. Mtu hapandi bila kibali na bila walinzi wenye bunduki, na kibali chataka fedha. Tena, Hifadhi ilikuwa imefungwa kwa wageni tangu Mei 2018, baada ya watalii kutekwa na mlinzi mmoja mwanamke kuuawa akiwatetea. Ikafunguliwa tena Februari 2019. Nililipa akiba yangu ya miezi mingi. Mama alipojua, alisema kwamba kwa fedha ile ningepata mabati ya paa. Alisema kweli.

Tuliondoka Kibati asubuhi, watu wanane pamoja na wachukuzi na walinzi. Kibati ni mahali pa kimo cha meta kama 2,000, na kilele cha Nyiragongo ni meta 3,470, hivi kwamba mtu hupanda meta zipatazo 1,500 kwa siku moja. Mwanzo njia ni ya msitu, yenye kivuli na ndege. Halafu msitu hufunguka, na mtu huanza kutembea juu ya lava ya mwaka 2002, mawe mepesi yanayoviringika chini ya kiatu na kulia kama vigae. Bibi yangu alipanda polepole, bila kusimama, kama watu wa kwao wapigavyo kasia. Mimi, mwana wa Goma, nilikuwa wa mwisho. Mchukuzi mmoja aliuliza kwa upole kama nataka fimbo ya pili.

Njiani kiongozi wetu alitufundisha mambo ambayo mimi mwalimu ningalipaswa kumfundisha bibi yangu mwenyewe. Alisema milima ya Virunga ni minane, lakini iwakayo sana ni miwili, Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira. Nyamulagira hutapika mara nyingi, ila uko mbali na mji, na lava yake kwa kawaida huenda msituni. Nyiragongo hutapika mara chache, nao umeukalia mji kichwani, kilometa zisizofika 20. Lava yake nayo si kama ya milima mingine. Mawe yake yana silika kidogo sana, yaani kitu kile kinachopatikana kwa wingi katika mchanga na kioo. Lava yenye silika nyingi ni nzito kama ugali, nayo hutembea polepole. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kama uji uliomwagika mezani.

"Mwaka 1977," akasema, "tarehe 10 Januari, ubavu wa mlima ulipasuka. Ziwa lote la moto lililokuwa juu likashuka kwa muda usiofika saa moja. Mahali penye mteremko mkali, hata gari lisingeweza kulitangulia."

Wengine huhesabu watu 70 hivi waliokufa siku ile, wengine husema mamia.

Bibi yangu akauliza, "Na mwaka 2002?"

Kiongozi akanitazama mimi kwanza, kana kwamba aomba ruhusa. Kisha akaeleza. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 17 Januari. Ubavu wa kusini ulipasuka kutoka juu hata karibu na Munigi, na lava ikatoka chini kabisa, karibu na nyumba za watu. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikafika ziwani. Mji ulikatwa vipande viwili: walio mashariki walikimbilia Gisenyi, katika nchi ya Rwanda; walio magharibi walikimbilia Sake. Karibu sehemu moja katika kila nane za mji iliteketea, na watu kama 120,000 walibaki bila nyumba. Waliokufa walipita mia, pamoja na wale waliolipukiwa siku nne baadaye mahali pa mafuta ya magari.

Bibi yangu alisikiliza yote. Hakusema neno mpaka tulipofika juu.

Juu kuna vibanda vidogo vya kulala, vimeshikilia ukingo wa mlima kama viota. Miti yote imekwisha. Kuna majani magumu tu na mimea mirefu ya ajabu kama mishumaa ya Pasaka. Baridi ni kali hata meno hugongana. Kutoka vibandani mtu huinuka hatua chache, akashika mawe ya ukingo, akatazama chini.

Ndugu msomaji, sijui nitumie maneno gani. Kinywa cha mlima kina upana unaopita kilometa moja. Kuta zake zashuka wima mamia ya meta, na ndani kabisa, chini, lilikuwa ziwa la moto. Juu yake palikuwa na ngozi nyeusi, na ngozi hiyo ilipasuka-pasuka kwa mistari ya dhahabu, ikatembea, ikazama, ikazaliwa nyingine. Mara chemchemi ya moto iliruka, ikaanguka polepole mno, maana umbali ulikuwa mkubwa. Sauti yake ilikuwa kama ya mawimbi yapigayo mwamba. Bibi yangu alisema inafanana na maporomoko ya Lualaba yakisikika usiku kutoka mbali. Harufu ya kiberiti iliwasha koo. Nyanya yetu alikuwa akisema kwamba pepo za watu waovu hutupwa humo. Seminarini tulicheka hadithi hizo; ila usiku ule pale ukingoni sikucheka, nikasali.

Tulisali fungu moja la Rozari. Kisha bibi yangu akauliza, bado akitazama chini:

"Mwalimu, mwaka ule wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na miaka 12. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa mtaani karibu na kanisa kuu. Mchana ule baba alikwenda kumchukua nyanya, mama alibeba mtoto mchanga mgongoni na godoro kichwani, nami nikapewa kazi moja tu: kumshika mkono mdogo wangu, mwenye miaka sita, tufuate umati wa watu kwenda mpakani. Nilimshika vizuri mwendo mrefu. Giza likaingia. Tulipokaribia mpaka, watu walipiga kelele nyuma yetu, nami nikageuka. Mto wa moto ulikuwa ukishuka mjini. Nyumba ziliwaka kabla haujazigusa. Anga lilikuwa jekundu, na ziwa likawa jekundu, na mimi sijapata kuona kitu kizuri namna ile. Nikasimama nitazame. Hapo ndipo nilipouachia mkono wake.

Tulimpata siku ya tatu, Gisenyi, nyumbani kwa mama mmoja Mnyarwanda aliyemkuta barabarani akilia, akamlisha viazi na kumlaza pamoja na watoto wake. Mungu amlipe mama yule. Hata jina lake hatukulijua sawasawa. Mdogo wangu leo ni mtu mzima, fundi wa magari, naye husema hakumbuki chochote. Baba hakunipiga wala kunikaripia. Lakini kwa siku zile tatu mama hakula, na kila aliponitazama alinitazama mikono.

Jambo hili sikuwa nimemwambia bibi yangu katika miaka yote minne tuliyosoma pamoja Bukavu, wala katika uchumba, wala mbele ya padri aliyetufundisha kabla ya ndoa na kutuuliza kama kuna neno tunalofichana. Nilimwambia pale juu, kwenye baridi, tukiwa tumejifunika blanketi moja.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Basi kule melini ulisema hauna neno."

"Nilisema."

"Na kiwanja cha Buhene, mwaka 2002 moto ulipita?"

"Haukupita. Ulipita upande mwingine."

"Safari ijayo utapita wapi?"

Nikasema Mungu tu ajua. Akasema ndiyo, Mungu ajua, lakini Mungu ametupa miguu na macho pia, tena hakumpa mtu wa Kindu kiwanja chini ya chungu cha moto bila kumuuliza. Kisha akalala. Mimi sikulala.

Asubuhi, tukishuka, alitembea karibu na kiongozi, akamuuliza maswali kama mtu anunuaye shamba. Dalili ni zipi? Kiongozi akamweleza habari za wataalamu wa Goma, wenye ofisi yao kwenye kilima cha Mont Goma, wanaosikiliza matetemeko ya ardhi kwa vyombo na kupima moshi. Na za alama zilizosimamishwa mjini kuwaonyesha raia hali ya mlima kwa rangi. Akamweleza pia juu ya mazuku. Ni hewa nzito ya ukaa itokayo ardhini na kulala mabondeni, isiyo na rangi, inayoua mbuzi, na hata mtoto akiinama kuokota kitu. Watu wa kwetu walilijua jambo hili kabla ya wataalamu, na wataalamu wa dunia nzima leo hulitaja kwa jina letu hilohilo.

Tulipofika Kibati, miguu ikitetemeka, alinipa jibu lake. Goma atakaa, kwa kuwa kazi yangu iko pale na mama yangu yuko pale. Buhene hatajenga. Tutapanga nyumba upande wa magharibi, karibu na barabara ya Sake, na mfuko utakaa mlangoni sikuzote.

Nilikasirika, nakiri. Niliona aibu kwa mama, na kwa wajomba wa Kindu walioambiwa habari za nyumba. Mama naye aliumia. Alisema: "Mwanangu, mimi nimekimbia mara mbili, nami niko hai. Mlima ni kama mume mkali. Ukijua tabia zake, unaishi naye." Bibi yangu akamjibu kwa heshima, "Mama, mimi nina mume tayari." Mama akacheka hata akajifuta machozi, lakini hakubadili wazo lake, wala mwingine hakubadili la kwake.

Tukapanga nyumba Ndosho. Mfuko ukakaa mlangoni: vyeti vya shule na vya ubatizo, cheti cha ndoa, maji, biskuti, tochi, kitenge. Wageni waliuliza kama tunasafiri. Mwaka 2020 tulipata mtoto wa kike, na mfuko ukaongezewa nguo ndogo.

Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, ilikuwa mkesha wa Pentekoste. Nilikuwa nimerudi kutoka mazoezi ya kwaya. Usiku ulipoanza kuingia, watoto wa jirani walipiga kelele uani. Nikachungulia dirishani: anga lote la kaskazini lilikuwa jekundu. Si lile wingu la kila usiku. Lilikuwa pana, nalo lilikuwa likishuka.

Najua msomaji atanihukumu. Jambo la kwanza nililofanya ni kutaka kutoka nje nitazame.

Bibi yangu alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni kwa vitenge viwili. Alikuwa ameandika kwa kalamu, juu ya mkono wa mtoto, jina lake na namba zetu za simu. Aliniwekea mfuko begani, akaninyooshea mkono wake. "Mwalimu, shika." Nikashika. Tulitembea katika umati mpaka usiku wa manane kwenye njia ya Sake, na mkono ule hakuuachia hata nilipotaka kujifuta jasho.

Simu hazikupita usiku kucha. Misa ya Pentekoste hatukuipata. Tulisali barabarani na watu tusiowajua. Asubuhi, saa tatu hivi, simu ya mama ikaingia. Alikuwa Gisenyi, alifika kwa miguu pamoja na majirani, amebeba kuku wawili. Akauliza kwanza kama mtoto amekula.

Lava ya safari hii ilikata barabara ya Rutshuru, ikaunguza vijiji, ikaingia Buhene na kusimama pale, karibu na uwanja wa ndege, kabla ya kuufikia mji wenyewe. Watu zaidi ya 30 walikufa, na maelfu ya nyumba yaliteketea. Watoto zaidi ya 150 walipotezana na wazazi wao usiku ule. Niliposikia hesabu hiyo redioni ilinibidi nitoke nje ya nyumba tuliyopewa hifadhi.

Tulikwenda Buhene. Lava ilikuwa bado inatoa moshi, na vijana walikuwa wakitembea juu yake kwa viatu vinavyoyeyuka wakitafuta mabati. Kutoka mwisho wa mawe yale mapya mpaka ua wa mama nilihesabu hatua zangu: 340. Nyumba ya mama ilikuwa nzima. Ya jirani ambaye nilisoma naye shule ya msingi, chini zaidi ya kanisa dogo, haikuonekana kabisa. Hata hakuweza kutuonyesha mahali palipokuwa mlango.

Mama alirudi, akasimama uani, akayatazama mawe yale. Akasema, "Unaona? Hayakufika." Bibi yangu, aliyesimama karibu naye na mtoto mgongoni, aliyatazama mawe yaleyale, akasema, "Ninaona, Mama. Yalifika hapa." Mimi nilikuwa katikati yao, nami sikuwa na la kusema.

Tarehe 27 Mei wakubwa waliamuru mitaa mingi ya Goma ihamwe. Ardhi ilikuwa ikitetemeka mchana na usiku, nyufa zikatokea barabarani, na wataalamu waliogopa kwamba moto umefika chini ya mji na chini ya ziwa. Ndani ya maji ya Kivu, kule kilindini, kumelala hewa nyingi mno ya ukaa na ya methani. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos, katika Kamerun, lilitoa hewa ya namna hiyo usiku mmoja, wakafa watu wapatao 1,700. Basi watu mamia ya maelfu walitoka tena, kwa miguu, kwa malori, kwa meli. Safari hii mama alikubali kuja nasi. Tulirudi mwezi wa Juni, na ziwa lilikuwa limetulia.

Msomaji asifunge mzigo wake aende Kibati kwa sababu ya maneno yangu. Safari niliyoisimulia ilikuwa ya mwaka 2019. Baada ya mlipuko wa 2021 lile ziwa la moto lilibomoka na sura ya kinywa ikabadilika. Kisha vita vikaja katika nchi ya Nyiragongo na Rutshuru, na mwezi wa Januari 2025 vikaingia Goma kwenyewe. Mfuko wa mlangoni ulitumika siku zile pia, ingawa haukufungwa kwa ajili ya watu.

Mama angali Buhene. Amepanda maharagwe hadi ukingoni mwa lava, na kila Jumapili baada ya Misa tunakwenda kumwamkia. Binti yetu, ambaye sasa ana miaka mitano, ameniuliza kwa nini nyanya yake anakaa mbali vile nasi. Nimemwambia aulize mama yake. Mama yake amemwambia aulize nyanya.

Lile rundo la makoro nililolinunua mwaka 2018 lipo bado uani. Baada ya moto mama aliligawa nusu kwa yule jirani, ajengee msingi mpya. Nusu iliyobaki huota jua mchana kutwa, naye huanikia maharagwe yake juu yake, kwa kuwa, asema, hukauka upesi.